Jino Langu na Majivu ya Mama

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi majuto yangu yaliletwa na mjukuu mwenyewe, tena ndani ya kikombe cha chai. Nilikuwa nimekwenda Mwanza kumsalimia binti yangu. Nimekaa sebuleni, mara mtoto wake wa mwisho akaingia analia, damu imejaa mdomoni, jino la mbele limeng'oka zima kwa kuanguka na baiskeli. Mimi nilisimama nikitafuta kanga ya kumfutia. Binti yangu hakutafuta kanga. Alitoka nje, akaliokota jino kwa kulishika upande wa kutafunia, akafungua pakiti ya maziwa, akalitumbukiza kikombeni, akamshika mtoto mkono, tukaenda kwa daktari wa meno. Kikombe nilikibeba mimi, na harufu ya maziwa ikanipanda puani njia nzima. Kabla ya chakula cha mchana jino lilikuwa limerudi mahali pake.

Kila mtu alimshukuru Mungu. Mimi nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Binti yangu akaniuliza, "Mama, mtoto kapona, mbona wewe umenuna?" Kwetu kijijini Nyanungu maziwa yalikuwapo asubuhi na jioni. Tulikunywa, tukagandisha, tukawagawia majirani, yaliyobaki wakaramba mbwa. Siku jino langu lilipoyahitaji, hakuna aliyejua, hata mimi mwenyewe niliyekuwa nimesimama kando ya kibuyu kilichojaa. Wenzangu mliokulia huko, mkachunga na kukamua kama mimi, nawaandikia ninyi. Vijana watacheka tu.

Mimi nilikuwa na mwanya. Natamka hivyo bila aibu kwa sababu sikuwa na kingine cha kujivunia: miguu ilikuwa myembamba, masikio makubwa, na sauti ya kuimba nilinyimwa kabisa. Lakini kati ya meno yangu mawili ya mbele, ya juu, palikuwa na mwanya uliokaa katikati sawasawa. Wanawake waliokuja kwetu kwa mama walinishika kidevu na kusema, "Bhoke, hebu cheka tuone." Nami nilicheka. Nilicheka hata pasipo na cha kuchekesha. Bibi, mama yake baba, alikuwa akisema kwamba kwa mwanya ule baba yangu asithubutu kutaja ng'ombe wachache wa mahari. Nilikuwa bado mtoto, maneno ya ng'ombe hayakunihusu, ila nilielewa kwamba kile kitu kilichokuwa mdomoni mwangu kina thamani.

Jioni ile mama alikuwa akimkamua ng'ombe mmoja mweusi, nami nimemshika ndama wake shingoni asije akanyonya yote. Mnaijua kazi ile. Ndama anasikia harufu ya mama yake, anavuta, nawe unavuta, na mwenye nguvu kati yenu si wewe. Niliinama nimwambie neno. Nilipenda kuzungumza na ndama. Naye akarusha kichwa juu, na paji lake gumu likanipata mdomoni. Sikusikia maumivu mara moja. Nilisikia ubaridi tu, na ulimi ukaenda kutafuta jino la kulia, haukulikuta.

Nilipiga ukelele uliomtoa bibi jikoni. Mama alikitua kibuyu, akanifungua mdomo, akanifunga, kisha akapiga magoti kwenye samadi na kuanza kupekua kwa vidole. Alilipata. Lilikuwa zima, refu kuliko nilivyodhani jino linaweza kuwa, maana mzizi wake ulikuwa mrefu kupita lile jino lenyewe ninaloliona kila siku. Bibi akalitazama na kusema, "Tupa juu ya nyumba. Litakuja lingine."

"Mama, hili alishabadilisha," mama akamjibu. "La utoto tulishatupa juu ya nyumba. Hili ndilo lililokuja."

"Basi tupa hivyo hivyo. Pengine nyumba itamhurumia."

Hapo ndipo nilipoanza kulia sawasawa. Nilielewa kwamba halitakuja lingine. Mwanya na pengo ni vitu viwili, na mtoto yeyote wa kwetu alijua tofauti yake. Mwenye mwanya huambiwa acheke. Mwenye pengo huambiwa afunge mdomo, na zaidi ya hayo wenzake humtungia wimbo.

Aliyeniokoa, au aliyedhani ananiokoa, alikuwa baba mdogo Mwita. Baba yangu mwenyewe alikuwa Kenya kwenye mashamba ya chai, kwa hiyo mambo ya nyumbani yaliamuliwa na mdogo wake. Baba mdogo alikuwa amepigana vita ya Burma, akarudi na koti zito, kovu la bega, na Kiswahili cha jeshini ambacho alikisema hata pale Kikurya kingetosha. Alipoona jino mkononi mwa mama alinyoosha mgongo.

"Hapana tupa!" akasema. "Mimi naona na macho yangu. Askari napigwa na kitako ya bunduki, meno natoka. Daktari ya jeshi narudisha ndani, nafunga na uzi. Baada ya siku kidogo, askari nakula nyama!"

"Kweli?" mama akauliza.

"Haki ya Mungu. Nakula nyama ya kopo, na mifupa nakula."

Baadaye nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza tena, akakiri kwamba alimwona yule askari anaingia kwa daktari na akamwona anatoka. Katikati ya hapo alikuwa kwenye foleni nje. Nusu ya jambo alikuwa ameiona vizuri sana. Nusu ya pili mama akaijaza mwenyewe.

Na mama yangu alikuwa mtu wa usafi. Nataka mwelewe hili, kwa sababu ndipo hasira yangu inapogota kila mara. Vibuyu vyake vya maziwa vilisifika. Wanawake wengine maziwa yao yaliharibika na kutoa harufu mbaya. Ya mama yaliganda vizuri siku zote, kwa sababu kibuyu chake alikisugua ndani kwa brashi ya nyuzi za mkonge, akakipitisha majivu, akakisugua tena kwa kaa la moto la mti aliouchagua mwenyewe, akakiinamisha karibu na jiko mpaka kikauke kabisa. Kwake yeye kitu kilichogusa samadi kisha kikaingia mdomoni mwa mtu bila kupita majivu na moto kilikuwa sumu. Kwa hiyo alilichukua jino langu, lenye nyuzinyuzi ndogo za nyama mzizini, akakaa jikoni, akaanza kulisafisha kama kibuyu.

Alisugua kwa majivu. Akasugua kwa brashi. Akakwangua zile nyama kwa ncha ya kisu mpaka mzizi ukawa mweupe kabisa. Kisha akaupitisha kwenye kaa, akaliweka jino kwenye jiwe la jiko likauke. Mimi nilikaa karibu naye nimeuma kitambaa, na nilimpenda kuliko siku zote. Niliona jinsi anavyohangaika. Kibuyu cha maziwa ya jioni, ya moto bado kutoka kwenye kiwele, kilikuwa kimeegemea ukuta karibu na goti lake.

Daktari wa Mwanza alinieleza nilipomuuliza habari za jino langu la zamani. Kijana mwenyewe mpole, alinichorea mpaka picha. Alisema mzizi wa jino umevikwa ngozi nyembamba iliyo hai, na zile nyuzinyuzi ndizo zinazolishikilia jino na kulitambulisha kwa mwili. Maziwa huiweka hai kwa muda. Ukiikwangua au ukiikausha, imekufa. Jino ukilirudisha litashika, tena litashika kwa nguvu, lakini limeshikana na mfupa mtupu, na mwili huanza kuula mzizi polepole na kujenga mfupa mahali pake.

"Unaoula ni mwili wenyewe?" nikamuuliza.

"Mwili wenyewe, bibi."

Kikulacho ki nguoni mwako, basi. Nilimshukuru, nikatoka nje.

Jioni ile ya kwetu jino lilirudishwa. Baba mdogo alinishika kichwa, mama akalisukuma jino juu mpaka nikaona nyota, kisha wakalifunga na meno ya jirani kwa unywele mrefu wa mkia wa ng'ombe. Nikalishwa uji wa ulezi kwa siku nyingi, na kukatazwa kucheka, jambo ambalo kwangu lilikuwa gumu kuliko maumivu. Watoto wenzangu walinizunguka. "Wajaluo wanang'oa meno ya chini," mmoja wao akasema, "huyu Bhoke amebuni ya juu!" Niliwarushia mawe. Mdomo nilikuwa nimekatazwa kuutumia.

Na jino likashika! Unywele ulipokatwa, mama alilishika kwa vidole viwili akalitikisa, halikutikisika. Meno yangu mengine ukiyasukuma yalikubali kidogo, kama meno ya watu wote. Lile halikukubali kabisa. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Habari zilizunguka vijiji. Wanawake walikuja, kila mmoja akaingiza kidole chake mdomoni mwangu, wengine hawakunawa, wakasukuma na kusema, "Ee! Limeota!" Mama yangu, ambaye hajawahi kujisifu kwa lolote zaidi ya vibuyu, alianza kusema, "Ni kulisafisha tu. Ukilisafisha vizuri, linaota."

Mimi nami niliamini limeota. Kwetu kila kitu kilichochomekwa ardhini kikashika, kilikuwa kimeota: kipande cha muhogo, tawi la mnyaa la uzio. Basi nilijua kwamba ndani ya kichwa changu mzizi unakua. Nilipoumwa kichwa nilijua ni mzizi unapenya. Nilipopiga chafya nilishika pua, nisije nikaukata. Nilikula miwa kwa jino lile makusudi, nikachomoa miiba ya wenzangu kwa jino lile, nikajigamba kwamba wao meno yao yamesimama tu, langu limepandwa.

Sijui ni lini nilianza kuona kwamba linakuwa fupi. Mvua zilipita, ulezi ukavunwa, ukapandwa tena, nami nilirefuka mpaka nikawa nabeba debe zima la maji. Uso wangu ulikua, meno yangu mengine yakashuka pamoja na uso. Lile moja lilibaki palepale juu, kama limekataa kutembea na wenzake. Rangi nayo ikageuka, ikawa ya majivu. Mwanya wangu uliokuwa wima ukaenda upande. Nikienda mtoni nilikuwa natazama kwenye maji, nacheka, nafunga mdomo, nacheka tena.

"Mama, linapanda juu," nikamwambia.

"Linazama," akasema. "Limekolea. Mzizi umekuwa na nguvu, unalivuta."

Nilifurahi kusikia hivyo kwa sababu nami ndivyo nilivyofikiri. Lakini niliona baada ya siku ile anapendelea nisicheke mbele ya wageni. Hakunikataza. Alinipa tu kazi ya nje walipokuja.

Mwishowe alinipeleka kwenye zahanati ya misheni, mwendo wa kutoka alfajiri. Dresa alikuwa mtu wa makamo aliyevaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi. Mama akamwamkia, nami nikasema shikamoo, akasema marahaba bila kunitazama. Alinifungua mdomo, akachukua mpini wa kijiko, akagonga jino la kwanza, akagonga la pili. Alipogonga langu lilitoa mlio mwingine, mkali, kama bati. Tulisikia sote watatu. Akagonga tena, likalia vilevile.

"Linauma?" akaniuliza.

"Haliumi."

"Linatikisika?" Akalisukuma kwa kidole gumba, halikwenda popote. "Mama, hili jino limeshika kuliko mengine yote. Nina watu hapa nje wameoza taya. Wewe unataka nini?"

"Mbona limekuwa fupi? Na hiyo sauti?"

"Sauti!" akacheka. "Linalia kwa sababu ni gumu. Nenda nyumbani ukalime."

Mama aliomba radhi. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo: aliomba radhi. Tulitembea njia nzima kurudi Nyanungu, yeye mbele, mimi nyuma, na kila baada ya muda alisema bila kugeuka, "Umesikia? Limeshika kuliko mengine." Nilijibu nimesikia. Nilitaka kupiga kelele, ila sikujua ni kelele ya nini. Jino halikuuma, halikutikisika, kila mtu alilisifu, na mimi nilikuwa namwona mtu mwingine kwenye maji.

Kisha Mama Ghati akaja. Alikuwa jirani yetu wa mlima wa pili, mwanamke mwenye haraka, na siku hiyo alikuja akikimbia, amemvuta mwanawe Ghati mkono. Ghati alikuwa ameteleza kwenye mwamba walipoanika mtama. Mdomo ulikuwa umevimba, na jino lake la mbele lilikuwa limefungwa kwenye jani la boga, bichi bado, lina damu.

"Mama Bhoke, nisaidie," akasema akihema. "Huyu nimeshamwahidi mjini, anakwenda Nyamisangura kukaa kwa shangazi yake asome. Ataendaje na pengo? Nipandie kama ulivyompandia wako."

Nilimwona mama akisita. Alinitazama kisha akatazama chini. Nadhani kama Mama Ghati angenyamaza hapo, mama angesema sijui, nenda kwa mwingine. Lakini Mama Ghati hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Bhoke, njoo hapa. Fungua mdomo, mwenzako aone asiogope."

Nikatikisa kichwa.

"Fungua," mama akasema kwa sauti ndogo.

Nilifungua. Ghati, maskini, alinyanyua macho yake yenye machozi akaangalia. Mama Ghati alitazama jino lile fupi la rangi ya majivu, na niliona uso wake ukibadilika.

"Mbona limekuwa hivi? Kweli limeshika?" Na kabla mama hajajibu, aliingiza kidole gumba akalisukuma.

Likavunjika. Halikung'oka, lilivunjika kwa mlio mdogo, kama unavunja ukoko wa ugali. Sikusikia maumivu yoyote, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Mama Ghati alilitoa kwenye ulimi wangu akaliweka kiganjani, tukainama sote wanne kulitazama. Lilikuwa kichwa tu. Chini palikuwa pamelika, pamechongokachongoka, hapana mzizi hata kidogo. Ule mzizi mrefu niliouona siku ile kwenye samadi, mrefu kupita jino lenyewe, haukuwapo.

"Halina mzizi," Mama Ghati akasema.

Mama alinishika kidevu. Aliingiza kidole chake akapapasa ufizi wangu mahali pale, taratibu, mara nyingi, akitafuta alichokipanda. Hapakuwa na shimo. Palikuwa pagumu, pamefungwa. Sikulia. Niliwaza kwamba sasa nina pengo, kwamba sasa ni mkubwa wa kuolewa karibuni na nina pengo, na nikangoja mama aseme kitu chochote, anigombeze, amgombeze Mama Ghati kwa kidole chake, amlaani ndama, alie. Ningekubali lolote.

Alikaa chini. Akaligeuza jino langu kiganjani, huku na huku, akilitazama pale lilipolika, na uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu makosa yake mwenyewe.

"Siku ile nilikuwa na haraka," akasema hatimaye. "Giza lilikuwa linaingia, ng'ombe hawajakamuliwa. Sikulisugua vya kutosha. Uchafu ulibaki, ndio umekula."

Mama Ghati akaitikia kwa kichwa. Neno hilo lilikuwa na maana kwake. Hata kwangu lilikuwa na maana, ndipo nilipokasirika na mama kwa mara ya kwanza maishani, nikiona kwamba alinifanyia kazi yangu nusu nusu kwa sababu ya ng'ombe.

Mama alilichukua jino la Ghati kwenye jani la boga. Lilikuwa bado linang'aa kwa unyevu, na zile nyuzinyuzi nyekundu zimeshikilia mzizi pande zote. Akasogeza jiko, akamimina majivu kwenye kigae, akachukua brashi na kisu. Ghati alijongea akanyoosha mkono kutaka kulishika jino lake, mama akamrudisha mkono kwa upole.

"Subiri, mwanangu," akamwambia. "Lako sitalifanyia haraka." Na akaanza kukwangua.